Vichwa vya Tanipu

Selina aliuinua mto wa mumewe ili autie foronya safi, akaona doa. Lilikuwa doa dogo tu, limekauka na kufanya ukingo wa rangi ya kutu. Akalisugua kwa kidole, halikutoka. Siku mbili tatu nyuma aliona jingine kama hilo, akajiambia ni jemu ya beri, maana Hedley hana haya, hula mkate hata kitandani. Sasa akalipeleka puani. Jemu hainuki chuma.

Akaikunja foronya, akaitia kwapani, akashuka jikoni.

Hedley alikuwa mbele ya kioo kidogo juu ya sinki, ananyoa ndevu. Alikuwa amejikata chini ya kidevu, mkato mdogo kama wa sindano, akabandika kipande cha karatasi. Karatasi ikalowa, ikawa nyekundu. Akabandika nyingine juu yake, nayo ikaanza kulowa.

“Umepigana na wembe?” Selina akauliza.

“Wembe ndio ulioanza.”

“Sitaki mzaha, Hedley. Inatoka tangu saa ngapi?”

“Itakoma. Damu ya ukoo wetu ina haya, mwanamke akiitazama haitulii. Geukia kule.”

Selina hakugeuka. Alitazama nje kupitia dirisha, akamtazama tena mumewe, kisha akaenda kuchochea jiko la kuni ambalo halikuhitaji kuchochewa.

Siku yenyewe ilikuwa mbaya kwa ugomvi, kwa sababu ndiyo ilikuwa siku ya safari. Hedley na mdogo wake Azariah walikuwa wameomba kibali cha kuwinda kulungu mwaka baada ya mwaka, na katika bahati nasibu ya serikali majina yao yakawa yanapita kando tu, mpaka mwaka huu. Kulungu wa Newfoundland, kile kisiwa chao cha Kanada, ni mrefu kuliko farasi, na mmoja huwalisha watu hadi theluji iyeyuke. Kwa ajili ya nyama hiyo Selina alikuwa ameiacha friza tupu tangu kiangazi. Hakuweka humo samaki, hakuweka hata jani. Na kibanda chao cha kuwindia kilikuwa ndani kabisa ya pori, ng'ambo ya vinamasi, mahali ambapo simu haishiki na mtu akiumia hubebwa mgongoni.

Hilo ndilo lililomnyima Selina raha. Tangu kiangazi Hedley alikuwa anameza dawa ya kuifanya damu iwe nyepesi. Moyo wake ulikuwa umeanza kupiga kama ngoma ya mlevi, mara haraka mara kimya, na daktari wa mjini akawaeleza kwamba moyo wa namna hiyo hugandisha damu, na bonge likipanda kichwani mtu hupooza. Basi kila jioni ameze kidonge, na damu ipimwe. Isiwe nzito ikaganda, isiwe nyepesi mno ikavuja. Mwanzoni walimpima mara kwa mara, wakamwongezea dawa kidogo kidogo, mpaka namba ikatua pale walipoitaka. Ilipotua wakafurahi, wakamwambia sasa aje mara moja kwa mwezi. Kipimo cha mwisho kilifanywa kabla baridi kali haijaanguka. Kijacho kingekuwa baada ya safari.

Hedley alinyoosha mkono kutwaa taulo, mkono wa shati ukateleza. Selina akaona. Kuanzia kiwiko kwenda juu palikuwa na alama za damu iliyovilia, kama wino uliomwagika, zambarau na nyeusi na pembeni rangi ya haradali.

“Mungu wangu! Nani kakupiga?”

“Rundo la kuni.”

“Lilikupiga ngumi au rungu?”

“Niliegemea tu, mke wangu. Niliegemea.”

Selina akavuta droo, akatoa kisanduku cha plastiki chenye vijumba vya siku za wiki. Akavifungua kimoja kimoja. Vya siku zilizopita vilikuwa vitupu, vya siku zijazo vilikuwa na kidonge kimoja kimoja, safi, kama alivyovipanga yeye mwenyewe Jumapili. Akainusa chupa ya dawa. Akasoma karatasi iliyobandikwa. Akatazama kama famasia wamebadilisha rangi ya kidonge. Kilikuwa kilekile.

“Unanipeleleza,” Hedley akakiambia kioo.

“Umemeza viwili kwa kusahau?”

“Sijasahau kitu.”

“Umekunywa vile vidonge vya maumivu vya Azariah? Vile vya mgongo?”

“Daktari alinikataza, na mimi ni mtoto mtiifu. Selina, sikiliza. Walitaka damu iwe nyepesi. Imekuwa nyepesi. Ungenishangilia.”

Basi mama wa watu akawa kiguu na njia ndani ya nyumba yake mwenyewe. Akienda dirishani, akirudi jikoni. Akafungua kabati, akasahau alichofuata. Mwishowe akaichukua simu, akajifungia kwenye chumba cha kufulia, akapiga zahanati.

Aliyepokea ni Noreen, muuguzi, binti wa ghuba ya pili, anayewaita wazee wote shangazi na mjomba. Hakuwa mgeni wa watu wala wa ugonjwa, lakini alikuwa ameanza kazi pale vuli hii hii.

“Shangazi Selina, habari za Ghuba ya Tobias?”

“Mwanangu, Mjomba wako ananivujia kama mtumbwi mbovu.”

Noreen hakucheka. Akauliza damu inatoka wapi, tangu lini, kama ameanguka, kama amegonga kichwa. Akauliza dawa nyingine yoyote, hata ya dukani, hata ya kuchua, hata chai ya mizizi. Hapana. Pombe? Tone la ramu Jumamosi, kama sikuzote. Aliharisha, au aliacha kula?

“Hedley aache kula? Siku hiyo tuite mchungaji.”

“Chakula chake kimebadilika?”

“Chakula chetu, mwanangu, hakijabadilika tangu bibi yangu yuko hai. Anakula kama kila mwaka.”

“Naona hapa daktari aliandika kwamba hali mboga za majani.”

Selina akaguna. “Saladi? Hedley? Muulize sungura.”

“Sawa,” Noreen akasema, ila sauti yake haikuwa na usawa wowote. “Shangazi, sipendi hali ya huyu mtu. Mlete leo. Ni kumtoboa kidole tu. Na kidonge cha jioni asimeze kwanza, mpaka nione namba. Asiende porini kabla sijamuona.”

Kusema “mlete” ni rahisi. Selina alipotoka, Hedley alikuwa kizingitini anafunga kamba za viatu vya kuwindia, amevaa sweta nyekundu, shingoni karatasi tatu.

“Noreen anataka akupime leo.”

“Nitapimwa nikirudi.”

“Amesema leo.”

“Selina, upepo umegeuka, njia imekauka, Azariah anapitia chakula cha mchana kikiisha. Nimengoja kibali hiki mpaka nimezeeka. Nikikaa nyumbani kwa sababu ya wembe, watanicheka mpaka kaburini.”

“Nani atakucheka, ukishakuwa kaburini?”

“Azariah. Yeye hana adabu.”

Selina akatoka nje bila koti. Alitaka hewa, na alitaka mikono yake ishike kitu. Akaenda kwenye bustani nyuma ya nyumba, ndani ya ule uzio wa fito, akachimba tanipu za chakula cha mchana. Ardhi ilikuwa imeshikana juu kama ganda la mkate. Majani ya tanipu, yaliyokuwa mapana na ya kijani hadi juzijuzi tu, sasa yalikuwa yamelala chini meusi kama matambara ya kufutia sufuria. Baridi ya usiku mmoja iliyafyeka yote. Alikata mizizi, akawatupia kuku yale matambara. Hata kuku waliyatazama kwa dharau.

Akamenya, akachemsha, akaponda. Akakaanga vipande vya mafuta ya nguruwe, akamwagia juu ya samaki wa chumvi na viazi. Akaweka sahani mezani. Yeye mwenyewe alikaa ukingoni mwa kiti, kama mtu anayesubiri kuitwa.

Hedley akaitazama sahani yake.

“Sahani imekuwa rangi ya ukuta,” akasema.

“Kula.”

“Viazi vyeupe, samaki mweupe. Hii tanipu nayo ndiyo kama imepata homa ya manjano. Vichwa vimeisha kabisa, eh?”

“Baridi imeviua. Si umeviona?”

“Ah, kiangazi nilikuwa mfalme. Vichwa na nyama ya chumvi, leo, kesho, kesho kutwa. Hakuna siku nilikosa. Sasa nimerudishwa jela.”

Uma wa Selina ulisimama hewani.

Alimkumbuka yule daktari wa mjini, mtu wa mbali mwenye soksi za michoro, siku ile dawa ilipoanza. Aliuliza kwa adabu sana: “Bwana, unakula saladi? Spinachi? Mboga za majani?” Na Hedley alicheka mpaka kiti kikalia: “Daktari, mimi si sungura.” Selina naye alicheka. Daktari akacheka pia, akaandika. Hakuna aliyedanganya. Huko Ghuba ya Tobias saladi ni kitu cha harusini, majani mabichi ya dukani yaliyolowa siki. Mboga ni viazi, karoti, tanipu na kabichi ya Jumapili. Na yale majani ya juu ya tanipu, yanayochemshwa sufuria nzima na nyama ya chumvi kiangazi chote, hayaitwi mboga wala hayaitwi majani. Yanaitwa vichwa, tangu kale.

“Hedley,” akasema polepole, “vichwa ni rangi gani?”

“Umeugua? Kijani.”

“Na vinaota wapi?”

“Juu ya tanipu. Selina, unanitisha.”

“Ni majani, Hedley. Tulimwambia daktari huli majani, na ulikuwa unakula kama mbuzi!”

Hedley alifungua mdomo kubisha. Kwenye meno yake ya mbele palikuwa na uzi mwembamba wa damu. Kwa kiazi laini tu! Yeye hakujua. Selina aliona, na miguu yake ikamsimamisha kabla hajaiambia.

Akapiga zahanati. Simu ikaita, ikaita, haikupokewa. Ilikuwa saa yao ya kula. Akapiga tena. Na hapo honi ikalia nje, ile honi ya Azariah ya kukera, mara moja ndefu na mbili fupi.

Azariah alikuwa na gari la mizigo, nyuma amepakia pikipiki ya magurudumu manne, kamba, shoka, birika na magunia ya kubebea nyama. Hedley alimbusu mkewe kwenye paji la uso haraka haraka, akabeba mfuko wake. Alipofika kwenye gari alimkuta Selina ameshaketi ndani, katikati ya kiti, na aproni yake, mikono kwapani.

“Shemeji,” Azariah akasema, “umepotea? Kanisa liko upande ule.”

“Naenda kuwinda.”

“Bila kibali?”

“Ninacho.”

Akatoa foronya mfukoni mwa aproni, akaikunjua juu ya magoti. Azariah aliyekuwa anacheka akaitazama ile damu, halafu akamtazama kaka yake, shingo yenye karatasi na ule uzi mwekundu wa menoni. Kicheko kikamwisha taratibu.

“Hii ni ya nani?”

“Ya mwindaji,” Selina akasema. “Onyesha mkono, Hedley.”

“Sionyeshi mkono wangu kwenye barabara ya watu.”

“Zahanati iko njiani,” Selina akasema. “Mtapita hapo hapo mlangoni. Namba ikiwa nzuri nashuka, narudi nyumbani kwa miguu, na nitakuomba radhi mbele ya mdogo wako.”

“Mbele ya kanisa zima,” Hedley akasema.

“Mbele ya kanisa zima. Na nitaimba.”

Hedley akamgeukia Azariah, kama mtu anayetafuta shahidi. Azariah alikuwa ameshika usukani, anatazama mbele.

“Kaka, mimi nina mgongo mbovu,” akasema. “Kulungu nitamkata vipande. Wewe ukianguka kule, nitakukata vipande vipi?”

Hedley akapanda.

Wakaondoka. Barabara ilipinda kufuata maji, na kila gari liliporuka kwenye shimo Selina alimshika mumewe kifuani kama wanavyoshikwa watoto. Kila akishikwa, alikuwa anasema, “Sijafa,” na kila akisema, Selina alikuwa anatazama tena meno yake.

Noreen alimaliza kikombe chake cha chai akiwa amesimama. Akamketisha Hedley, akamtoboa kidole, akadondosha tone kwenye kile kimashine. Wote wanne wakakitazama kama watu wanaongoja maji yachemke. Selina hakungoja.

“Mwanangu, ni vichwa. Kiangazi chote alikula vichwa vya tanipu, kila siku ya Mungu. Baridi ikaviua. Hajala tena.”

Noreen akajipiga paji la uso. “Vichwa! Mama yangu kanilea kwa vichwa, na mimi nauliza habari ya mboga za majani!”

Kimashine kikalia. Noreen akasoma namba, akafuta tone, akatoboa kidole kingine, akapima upya. Namba ikarudi ileile, mara mbili na zaidi ya ile waliyoitaka. Uso wake ukatulia ule utulivu ambao watu wa hospitali huuvaa kama koti.

“Mjomba Hedley, nisikilize. Vichwa vina kitu kinachosaidia damu kuganda. Dawa yako inavuta huku, vichwa vinavuta kule. Wakati wanakupimia kiasi, vichwa vilikuwa vinavuta kwa nguvu, basi wakaongeza dawa mpaka ikavishinda. Sasa vichwa vimeondoka, na dawa imebaki peke yake inavuta kamba. Imeanguka nayo.”

“Basi rahisi,” Hedley akasema, akainuka nusu. “Azariah, tupitie dukani. Nitakula kabichi nzima garini, mambo yamekwisha.”

“Keti! Damu haitibiwi kwa kabichi garini. Na ukiila kabichi nzima leo kisha uache kesho, tutaanza kucheza bembea.” Akavuta kiti, akakaa karibu naye. Akapunguza sauti. “Niambie kweli, Mjomba. Mkojo wako una rangi gani?”

Hedley akatazama viatu vyake vya kuwindia. Azariah akaanza kukohoa, akageukia dirisha.

“Chai,” Hedley akasema.

“Chai ya maziwa au ya rangi?”

“Ya rangi. Iliyokaa kwenye birika tangu asubuhi.”

“Tangu lini?” Selina akauliza. “Hedley! Tangu lini?”

“Nilitaka kuwinda kwanza,” akasema, kwa sauti ndogo ambayo Selina hakuwa ameisikia tangu waoane.

Alitaka kumpiga. Alitaka kumkumbatia. Hakufanya lolote, alikunja foronya, akaikunjua, akaikunja.

Noreen akazungumza na daktari kwa simu, mlango wazi, maneno machache ya haraka. Gari la wagonjwa lilikuwa mbali, ghuba nyingine. Akarudi akasema hakuna kungoja, Azariah awapeleke hospitali ya mjini, yeye mwenyewe atapanda nao. Kule wangempa Hedley dawa ya kuirudisha damu, na kumtazama kama kuna kinachovuja ndani. Bunduki waliiacha kwa mke wa Azariah, maana nyumba yake iko njiani. Pikipiki, kamba, shoka na magunia ya nyama vilikwenda hospitali pamoja nao, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kuvishusha.

Walimweka siku kadhaa. Damu yake ilirudi taratibu, mkojo ukasafika. Daktari alikuja, yule yule wa soksi, safari hii zina bata. Akavuta kiti mbele ya Selina akamwuliza vichwa ni nini hasa, vinapikwaje, sufuria kiasi gani. Selina akamweleza kila kitu mpaka kipande cha nyama ya chumvi. Hakucheka yeye, wala Selina hakucheka. Akasema dawa isiachwe, maana moyo bado ni ule ule, ila itapunguzwa, na damu ipimwe tena mara kwa mara. Na majani yaliwe, kiasi kile kile, wiki hadi wiki, kiangazi na kipupwe. Chochote kikianza au kikikoma, kiwe kidonge, kiwe sufuria, waseme.

“Hata saladi?” Hedley akauliza kutoka kitandani.

“Hata saladi.”

“Heri ningekufa.”

Azariah alikwenda porini na shemeji yake mwingine, akapata kulungu dume, akaleta robo mbili mpaka mlangoni, akisimulia hadithi yake kwa sauti ya kusikika ghuba nzima. Hedley alisikiliza yote amekaa dirishani, blanketi magotini, mbele yake bakuli la kabichi iliyopimwa. Akauliza upepo ulitoka wapi, kulungu alisimama vipi. Azariah alipoondoka, bakuli lilikuwa limeguswa kidogo tu.

“Maliza,” Selina akasema.

“Nimemaliza nusu.”

“Nusu si kiasi kile kile.”

Akamaliza.

Friza ikajaa, lakini Selina aliacha pembe moja tupu. Mwakani vichwa vya kiangazi vingekaa humo, vimechemshwa na kufungwa, na nyama ihame kidogo. Hata hivyo hakutulia. Asubuhi akiamka, kabla ya kuwasha jiko, kabla ya kuvaa hata soksi, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye mto wa mumewe, ukapapasa gizani kutafuta mahali penye ugumu. Alidhani Hedley amelala.

Asubuhi moja mkono ukakuta hakuna mto. Selina akashtuka, akainuka. Hedley alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, ameushika mto mapajani, amevuta pazia ili mwanga uingie.

“Njoo uone,” akasema. “Upande huu.” Akaugeuza. “Na upande huu.”

Ulikuwa mweupe pande zote. Selina akauchukua, akautazama mwenyewe mara ya pili, kisha akaurudisha mahali pake.

“Fungua mdomo nione na meno,” akasema.

Hedley akafungua.